Ngumbaru na Somo Walilotuachia

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi mlio madarasani leo, malengo ya kusoma si jambo jipya nchini. Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zikapewa lengo la kufuta ujinga kabla 1971 haujaisha. Agosti 1975 likafanyika jaribio la taifa. Aliyefikia hatua ya tatu au ya nne alihesabiwa amefaulu. Kufikia 1986 wasiojua walibaki chini ya 10 katika kila 100.

Bibi yangu wa Terrat alikuwa ngumbaru. Cheti chake alikitundika ukutani, akikipangusa vumbi kila Jumapili. Lakini nilipokuwa darasa la tano aliniomba nimsomee barua ya mjomba. Nyumbani hapakuwa na kitabu hata kimoja. Herufi zilikuwa zimemtoka.

Hakuwa peke yake. Magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililoanza Mwanza mwaka 1974, yalikuja kukosa karatasi na fedha. Sensa ya 2012 ilikuta tena zaidi ya 20 katika kila 100 hawajui kusoma.

Basi, tunapowaahidi vijana zawadi kwa vitabu watakavyosoma, tuhakikishe kwanza vitabu vipo. Mkutano ujao, kila mmoja wetu aje na kimoja kwa maktaba ya shule.