Macho Mekundu ya Bibi

Wasomaji wetu, historia ya nchi aghalabu huandikwa kwa majina ya watemi na magavana. Lakini huku Usukuma ya mashariki, katika nchi ya Bariadi, Itilima na Maswa, iko historia nyingine iliyoandikwa katika mikono na macho ya bibi zetu. Nayo yafaa kukumbukwa.

Bibi wa kaya ya Kisukuma alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Jua lilipochomoza alikwisha kuteka maji, na jembe li begani. Alipalilia mtama na uwele, kisha akaichuma pamba na kuichambua, safi mbali na fifi mbali. Viazi vilipokuwa tele, alivikata vibichi akavianika, vikawa michembe. Vingine alivichemsha kwanza, ndipo akavikata na kuvianika, vikawa matobolwa. Mvua ilipokosa, akiba hiyo ndiyo iliyowaokoa watoto. Wala waliomwita "mayu" hawakuwa wale aliowazaa tu. Jirani na yatima nao walikula chunguni mwake.

Basi, tukitazame chungu hicho na moto uliokuwa chini yake. Zamani za utawala wa Waingereza misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, wadudu waletao malale kwa watu na maradhi kwa ng'ombe. Mashamba ya pamba nayo yakaongezeka. Ng'ombe wakapata malisho na watu wakapata fedha, lakini kuni zikaadimika. Ndipo akina mama wakapikia mabua, miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mkali, na aliyeukalia miaka 40 katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu.

Ole wake! Wekundu ule alioupata kwa kuwalisha watu ukafanywa ushahidi wa uchawi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, mganga aliulizwa, na kidole kikaelekezwa kwa ajuza. Pengine chanzo kilikuwa ugomvi wa shamba au urithi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi, illa haikuyazuia mapanga. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa tuhuma hizo. Wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika Usukuma.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Wakati huo Bariadi ilikuwa ingali katika mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Watu walihimizwa kurudia desturi ya wazee ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike. Miti ikachipua tena, na kuni zikasogea karibu na nyumba.

Wazazi na walimu wenzetu, tuwafundishe watoto habari hii. Mtoto akimwona bibi mwenye macho mekundu, na ajiulize kwanza: ni watu wangapi walioshiba kwa moshi ule? Kisha ampelekee kuni kavu, amwamkie kwa adabu, akae karibu naye asikilize.