Majengo ya Shule na Uwakili Wetu
Magila, jirani na Muheza, wamisionari wa UMCA walijenga kanisa na shule katika karne ya 19. Shule za misheni zilienea Tanga, mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka chini ya serikali zile zilizopokea ruzuku, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Kanisa liliachia majengo, lakini kufundisha hakukukoma.

Ndugu wapendwa, leo darasa la zamani likibaki tupu, tunaulizana: tuuze au tukodishe? Kodi huja kila mwaka na kiwanja hubaki, kilichouzwa hakirudi. Sisi ni mawakili tu, wala si wenye mali. Kabla ya kutaja bei, tuulize: mtoto gani bado anahitaji dawati?