Video za mtandaoni katika ufundishaji wa Kiingereza cha kuzungumza

Video za Kiingereza cha kuzungumza ni masomo mafupi ya picha na sauti yanayopatikana katika intaneti, yanayomwezesha mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza kukisikia kikizungumzwa na kujizoeza kukitamka.

Historia

Redio ndiyo iliyotangulia. BBC ilianza masomo ya English by Radio mwaka 1943, na mwaka 1959 Sauti ya Amerika ikaanzisha Special English, yaani Kiingereza chepesi kilichosomwa polepole kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500. Kipindi kikipita kilikuwa kimepita. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilimpa mwanafunzi uwezo adhimu wa kurudia sentensi moja hata mara ishirini. Mwaka 2016 Sauti ya Amerika ilitoa Let's Learn English, mfululizo unaomfuata Anna, mhusika anayehamia Washington, D.C., katika masomo 52 ya ngazi ya kwanza.

Utamkaji

Faida kubwa ya video ni kuonyesha kinywa, kwa kuwa jicho nalo hushiriki katika kusikia: mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu anayesikilizishwa "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga" mara nyingi husikia "da". Hivyo Mfaransa au Mjapani, ambaye lugha yake haina sauti ya mwanzo wa neno "think", huiona ncha ya ulimi ikigusa meno, ilhali mzungumzaji wa Kiswahili anayo tayari katika "thamani" na "thelathini". Ugumu wake uko kwingine. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" humfikia kama neno moja. Tena mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wa Kiingereza huhama, ukawa mwanzoni katika "photograph", kwenye silabi ya pili katika "photographer" na ya tatu katika "photographic". Baadhi ya walimu huvuta mpira mwembamba mbele ya kamera kila wafikapo silabi yenye mkazo, na mwanafunzi akaona urefu ambao sikio lake halijauzoea.

Matumizi

Kutazama peke yake hakutoshi. Mwaka 1985 Merrill Swain, aliyechunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, alieleza kwamba walielewa vizuri walichosikia ila usemi wao ulibaki nyuma, kwa kuwa hawakusukumwa vya kutosha kuzungumza. Mbinu inayofaa sana ni ya kufuatisha, iliyotumiwa pia kuwafunza wakalimani, ambapo mwanafunzi hutamka maneno nyuma kidogo tu ya msemaji bila kusimamisha video, kisha hujirekodi kwa simu na kulinganisha.

Upungufu

Video haimsahihishi anayeifuata, bando hugharimu, na lafudhi za Marekani na Uingereza zimetawala mno.