Vigango vya Wagiriama katika Majumba ya Makumbusho ya Marekani

Nyuma ya miji ya Mombasa, Kilifi na Malindi, katika nchi inayopanda kutoka minazini hata kufika nyika kavu, wanakaa Wamijikenda, makabila tisa ambayo masimulizi yao yasema kwamba wazee wao walishuka kutoka Shungwaya upande wa kaskazini, wakajenga makaya yao ndani ya misitu kwa kujihifadhi na adui. Miongoni mwao Wagiriama ndio mashuhuri zaidi kwa ada ya kusimamisha vigango, na ada hiyo, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na habari kwa mtu wa mbali, katika zama zetu imewafundisha wakuu wa majumba ya makumbusho ya Marekani jambo ambalo elimu yao yote haikuwa imewafundisha.

Mzee wa chama cha Gohu, chama cha siri cha watu wenye mali na hadhi, akifariki dunia huzikwa kama wazikwavyo wenziwe, wala hapana haraka ya kumfanyia lolote zaidi. Lakini hutokea, pengine baada ya miaka kupita, marehemu akamjia jamaa yake ndotoni, au maradhi na misiba ikaandamana nyumbani, na mganga akiulizwa hubainisha kuwa koma ya mzee, yaani roho yake, inadai kigango chake. Hapo hutafutwa mti wa muhuhu, ambao mchwa hawauwezi, ukachongwa ubao mrefu wenye kichwa, aghalabu cha mviringo, na kiwiliwili kikatiwa nakshi za pembetatu na rangi, kisha ukasimikwa ardhini, ukafungwa vitambaa na kumiminiwa tembo la mnazi. Tangu siku hiyo kigango si ukumbusho tu wa mzee, bali ni makazi yake, na jamaa huja kusema naye hapo wakati wa shida. Sharti lake kubwa ni moja: kisiondolewe. Hata watu wakihama kufuata ardhi yenye rutuba, kigango huachwa pale pale, mvua na jua vikakimaliza taratibu, na huko kuoza kwake ni sehemu ya ada yenyewe, wala si uzembe wa warithi.

Basi mtu afahamu jinsi ilivyokuwa dhuluma, watalii walipozidi pwani katika miaka ya 1970, na vijana wenye kukosa kazi walipoanza kuving'oa vigango usiku na kuviuza kwa fedha kidogo kwa wenye maduka ya vinyago, ambao nao waliwauzia wafanyabiashara wa ng'ambo kwa faida isiyo na kifani. Huko Marekani vilinunuliwa na matajiri kwa maelfu ya dola, na kwa kuwa sheria ya kodi ya nchi ile humpa nafuu mwenye kutoa zawadi kwa jumba la makumbusho, vingi viliishia humo kwa jina la hisani. Maonyesho yakafanywa na vitabu vikachapishwa, na watu wakasifu umahiri wa mchongaji, ilhali kwenye kibandiko cha maelezo lilikuwapo jina la mtoaji zawadi, na jina la marehemu halikuwapo. Nadhani waliofanya hayo, wengi wao, waliamini kwa dhati kwamba wanaipa Afrika heshima iliyonyimwa kwa karne nyingi. Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa maana walimkaribisha mgeni barazani bila kumwuliza kama amekuja kwa hiari yake.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake, na haukupita muda mrefu vikaibwa, na mzee yule akafariki bila ya kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni wa mambo ya Afrika, Bibi Udvardy aliona picha ya kigango kimojawapo, nacho kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Cha pili kikagunduliwa katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chuo kilichoasisiwa mwaka 1868 kwa ajili ya kuwasomesha Weusi waliotoka utumwani. Hilo la Hampton lanigusa kuliko yote, kwani ladhihirisha kuwa udugu wa asili na nia njema, peke yavyo, havikuwa kinga. Bibi Udvardy na mwenzake Linda Giles, pamoja na John Baya Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakafanya uchunguzi, wakahesabu vigango 294 katika majumba 19 ya Marekani. Vile viwili vilirejeshwa, na mwaka 2007 jamaa wa yule mzee wakavipokea kijijini.

Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha wenye kurudisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990, inayoamuru mifupa na vitu vitakatifu virudishwe, inawahusu wenyeji wa asili wa nchi ile tu. Jumba la Denver Museum of Nature & Science lilikuwa limepokea vigango 30 mwaka huo huo wa 1990, na mwaka 2014 likatangaza kuvirudisha vyote, kwa hoja kwamba haki ya Mgiriama juu ya koma wake haiwezi kupungua kwa sababu tu anakaa ng'ambo ya bahari. Vilichelewa kufika hadi mwaka 2019, kwa mzozo wa ushuru wa forodha, kana kwamba wazee walikuwa shehena ya bidhaa.

Siku hizi majumba mengi ya sanaa husema yanataka kuyapa nafasi masimulizi ya mataifa yasiyo ya Magharibi, na aghalabu hufahamu kwamba nafasi hiyo ni chumba kingine, kabati jingine, maelezo marefu zaidi ukutani. Mambo hayo yana faida, wala siyadharau. Lakini kwa Mgiriama masimulizi ya kigango hayatimii ndani ya chumba chochote, na jumba likitaka kuyasikiliza kweli sharti likubali kuwa miongoni mwa kauli za mwenyewe imo hii: msikiweke.

Tena shida haikwishia bandarini. Vingi katika vilivyorudi viko chini ya amana ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu mwizi hakuandika jina la kijiji, mwuzaji hakuuliza, na jumba lililopokea liliridhika na neno "Kenya". Majumba ambayo yangali na vigango yanazo stakabadhi, barua za wafanyabiashara na tarehe za kupokelewa kwavyo. Na yafungue madaftari hayo sasa, yapeleke picha Kaloleni, Ganze na Magarini, maadamu wangali hai wazee wanaoweza kuitazama nakshi wakasema ni ya nani.