Mchujo si kipimo

Michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, inapokaribia, neno mchujo huwa midomoni mwa kila mtu. Ni neno zuri, ila tunalibebesha mzigo usio wake.

Kuchuja ni kutenga: chai hupita, majani hubaki kwenye chujio. Kwa hiyo mchujo lazima umwache mtu nje. Kipimo hakimwachi yeyote. Hutoa namba tu, sekunde au mita. Marekani mambo haya mawili yana siku zake. Mabeki wa kandanda yao hukimbia yadi 40, zisizofika mita 37, na kuruka juu mbele ya makocha mjini Indianapolis. Hivyo ni vipimo. Timu huchagua wachezaji wiki kadhaa baadaye.

Sisi tukivichanganya, anayeumia ni mtoto. Anakimbia mara moja, anaambiwa "umechujwa", na muda wake haukuandikwa popote. Na hii ni nchi ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico 1968 lakini akafika mwisho, na ya Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Pumzi ya namna hiyo haionekani katika mita 100!

Walimu wa michezo wa Haydom na Katesh, nawaomba: siku ya kupima, andikeni "vipimo" kwenye tangazo, na mtunze daftari la namba za kila mtoto. Mchujo uje baadaye.