Seva ya barua pepe ya kampuni: usimamizi na nakala rudufu

Seva ya barua pepe ni kompyuta, au kundi la kompyuta, inayopokea, kutunza na kutuma barua za watu wa kampuni moja chini ya kikoa chake. Kuisimamia ni kazi ya sehemu mbili zisizolingana. Ya kwanza ni kuhakikisha barua zinaingia na kutoka. Hii huonekana na kila mtu, na ikikwama hata kwa robo saa simu ya msimamizi haitulii. Ya pili ni kuhakikisha kwamba barua zilizokwisha kufika zinaweza kurudishwa diski ikifa, mfanyakazi akifuta folda nzima au mwizi akiingia. Hii haionekani mpaka siku inapohitajika, na ndiyo sababu hupuuzwa hata na kampuni zenye fedha. Makala hii inakaa zaidi kwenye hiyo ya pili.

Safari ya barua

Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN, Marekani, alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971 kupitia mtandao wa ARPANET, akitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Agosti 1982 Jon Postel alichapisha itifaki ya SMTP, ambayo bado ndiyo inayosafirisha barua duniani, pamoja na marekebisho ya baadaye. Ni itifaki ya enzi za mitandao iliyokatika mara kwa mara, kwa hiyo ina subira. Seva inayotuma ikikuta inayopokea imezimika, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Waraka wa SMTP wa mwaka 2008 unashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Programu ya Postfix huvumilia siku 5 isiporekebishwa; Exchange ya Microsoft huvumilia 2.

Hapa kuna jambo ambalo wasimamizi wengi wapya hawalijui. Seva ikizimika Ijumaa usiku na kuwaka Jumapili asubuhi, barua nyingi zilizotumwa katikati zitaingia zenyewe, zimechelewa tu. Kilicho hatarini ni kile kilichokuwamo ndani. Kosa baya zaidi katika saa hizo ni kuwasha haraka haraka seva tupu yenye jina lile lile lakini isiyowatambua watumiaji. Seva hiyo itawajibu watumaji kwa uhakika kwamba mtu huyo hayupo, nao watazirudisha barua badala ya kuendelea kusubiri. Seva iliyozimwa kabisa ina madhara madogo kuliko seva inayojibu uongo.

Kazi za kila siku zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Rekodi ya MX kwenye DNS huielekeza dunia kwenye seva. SPF hutaja anwani za IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, DKIM huitia barua saini ya kidijitali, na DMARC huwaambia wapokeaji la kufanya viwili hivyo vikigoma. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wa barua nyingi wawe na vyote vitatu. Asiyekuwa navyo hujikuta kwenye folda ya barua taka. Akaunti moja iliyoibiwa nenosiri hutosha kutuma maelfu ya matangazo ya kitapeli usiku mmoja na kuiingiza anwani ya seva kwenye orodha nyeusi. Kutoka humo huchukua muda mrefu kuliko kuingia, kwa hiyo msimamizi mwangalifu huweka kikomo cha barua ambazo mtu mmoja anaweza kutuma kwa saa, na huitazama foleni kila asubuhi kabla ya jambo lingine lolote.

Ghala lisilotulia

Ugumu wa kunakili barua pepe unatokana na jinsi zinavyotunzwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mtindo wa kale uitwao mbox uliweka barua zote za mtu katika faili moja ndefu, mpya ikiongezwa chini. Ukiinakili faili hiyo wakati barua inaandikwa, unapata nakala iliyokatika. Katika miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein, mtunzi wa qmail, alileta Maildir, ambamo kila barua ni faili yake. Usalama uliongezeka, ila programu ya kunakili sasa inalazimika kupitia faili ndogo ndogo kwa mamilioni, na kazi iliyomalizika kabla ya alfajiri inavuka hadi saa za ofisi.

Exchange, iliyotoka mwaka 1996, ilifuata njia ya tatu: barua za watu wote ndani ya hifadhidata. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili za miamala, ambazo mafundi huziita logi, kisha ndipo hifadhidata yenyewe inaguswa. Umeme ukikatika ghafla, seva ikiwaka tena husoma logi na kukamilisha kilichoachwa njiani. Logi hizo, megabaiti 1 kila moja tangu toleo la 2007, kwa kawaida haziondolewi mpaka nakala rudufu ichukuliwe na kukamilika vizuri.

Mpango huu ni wa busara, lakini ndio unaozaa ajali inayojirudia kuliko zote. Programu ya nakala rudufu, au bakapu, inashindwa kimyakimya, labda kwa sababu nenosiri lake limebadilishwa. Ujumbe wa onyo unakwenda kwa mtu aliyekwisha kuhama kampuni. Wiki zinapita, logi zinajaa, diski inakosa nafasi, hifadhidata inajifunga. Meneja amesimama mlangoni, na fundi anafuta logi kwa mkono ili apate nafasi. Akifuta ambazo bado hazijaingizwa, hifadhidata haifunguki tena bila nakala ya nyuma au amri ya eseutil ya kukarabati, ambayo huzitupa kurasa isizoweza kuzisoma pamoja na barua zilizomo.

Kujaa kuliwahi kuwa na sura nyingine. Toleo la kawaida la Exchange 5.5, na yale yaliyofuata hadi maboresho ya 2005, lilikuwa na ukomo wa gigabaiti 16. Hifadhidata ikigonga hapo ilifungwa, na kufuta barua hakukupunguza ukubwa wa faili bali kuliacha tu matundu ndani yake. Wasimamizi wa miaka ile walikesha ofisini mwishoni mwa wiki wakiibana hifadhidata huku seva imezimwa.

Nakala na pacha

Watu wengi huchanganya nakala rudufu na pacha. Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID, au seva mbili zinazoakisiana, hulinda dhidi ya kifaa kufa. Exchange tangu 2010 inaruhusu hadi nakala 16 hai za hifadhidata moja. Lakini pacha hutii kila amri, pamoja na amri ya kufuta. Kosa linaloingia upande mmoja huwa limefika upande wa pili ndani ya sekunde chache.

Ushahidi ulionekana tarehe 27 Februari 2011. Google ilisasisha programu yake ya kuhifadhi data, na hitilafu iliyokuwamo ikayafuta yaliyomo kwenye akaunti za Gmail za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji, licha ya kila barua kuwa na nakala katika vituo zaidi ya kimoja. Kilichowaokoa ni tepu. Kampuni yenye mitambo ya kisasa kuliko nyingine nyingi ilikuwa bado ikirekodi barua kwenye kanda za sumaku zinazotolewa mashineni na kuwekwa rafuni, ambako hitilafu ya programu haikuweza kuzigusa. Kuzirejesha kulichukua muda mrefu kuliko kuelekeza watumiaji kwenye pacha, lakini barua zilirudi.

VFEmail, mtoa huduma mdogo wa Marekani aliyeanza 2001, hakuwa na bahati hiyo. Tarehe 11 Februari 2019 mvamizi aliingia na kuzifuta diski za seva zake nchini humo, za kazi na za bakapu pia. Hakudai fidia, alivunja tu. Barua za karibu miongo miwili za wateja wa Marekani zikatoweka. Nakala zilikuwapo, ila ziliwaka saa zote na zilifikika kwa mtandao ule ule.

Kanuni inayotumika sana leo, 3-2-1, ilienezwa na mpiga picha Peter Krogh aliyekuwa akiwaza usalama wa picha zake: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, 1 ikiwa nje ya jengo. Kwa barua pepe, ya nje ya jengo haitoshi. Angalau moja iwe haifikiki kwa akaunti ya msimamizi wa kila siku, kwa kuwa akaunti hiyo ndiyo anayoisaka mvamizi.

Kurejesha

Maombi mengi ya kurejesha ni madogo: mtu mmoja, barua moja, iliyofutwa juzi. Exchange huzitunza barua zilizofutwa siku 14 na visanduku vilivyofutwa siku 30 isipoagizwa vinginevyo, kwa hiyo kazi huisha bila kugusa bakapu. Huduma za kukodi kwenye wingu zina vipindi vya aina hiyo pia. Mpangaji anayedhani mwenye wingu atamtunzia milele alichokifuta mwenyewe hugundua ukweli baada ya kipindi hicho kupita.

Kurejesha kila kitu ni habari nyingine, na hesabu yake ifanywe mapema. Terabaiti 2 kupitia laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa 44 hata laini ikitumika yote kwa kazi hiyo tu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilidorora kwa siku kadhaa. Kampuni ambayo nakala yake pekee iko Ulaya isingeweza kuivuta wiki hiyo. Njia inayopunguza maumivu ni kuwafungulia watumiaji visanduku vitupu lakini halali, waendelee kupokea na kutuma, huku barua za zamani zikirejeshwa pembeni na kuunganishwa baadaye.

Barua peke yake haitoshi. Orodha ya watumiaji, mipangilio, vyeti vya TLS, funguo za DKIM na rekodi za DNS navyo vinakiliwe. Na nenosiri la kufungulia bakapu lisiwe limeandikwa kwenye barua iliyo ndani ya seva hiyo hiyo, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wahusika wanavyopenda kukiri.

Jaribio la kweli ni kurejesha kisanduku kimoja kwenye mashine nyingine kwa ratiba, mtu akakifungua na kusoma. Ripoti ya kijani kwenye skrini huthibitisha tu kwamba programu ilimaliza kuandika.

Bakapu mahakamani

Nakala rudufu hukumbuka pia kile ambacho wenyewe wangependa kisahaulike. Novemba 1986, kashfa ya Iran-Contra ikifichuka, maofisa wa Ikulu ya Marekani Oliver North na John Poindexter walifuta maelfu ya jumbe zao kwenye mfumo wa barua pepe wa Ikulu hiyo, PROFS. Tepu za bakapu zilibaki, na wachunguzi wakazisoma. Katika shauri la Zubulake dhidi ya benki ya UBS Warburg mjini New York, Jaji Shira Scheindlin aliamuru mwaka 2003 tepu kadhaa zifunguliwe kwa majaribio. Zilitoa barua ambazo benki haikuwa imeziwasilisha. Mwaka 2005 baraza la wazee wa mahakama lilimpa mlalamikaji zaidi ya dola milioni 29.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinavuta upande wa pili. Ile ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinakataza kutunza taarifa za mtu kupita muda wa haja, na zote zinaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, pamoja na kwenye seva ya wingu. Kampuni yenye tepu za miaka kumi kabatini ina mzigo wa kisheria, hata kama fundi anaziona kama akiba. Kumtoa mtu mmoja ndani ya tepu iliyokwisha andikwa hakuwezekani bila kuiandika upya yote. Baadhi ya mifumo hukwepa tatizo hilo kwa kusimba kila kisanduku kwa ufunguo wake: muda ukifika, ufunguo huharibiwa, na barua za mtu huyo hazisomeki tena popote nakala zake zilipo.