Safu ya Lugha: Maktaba kongwe

Fundi kijana wa kompyuta hapa Wiyoni, Lamu, alimwandikia mteja kwenye karatasi: "Programu haifunguki, maktaba ni kongwe." Mama wa watu akaja kuniuliza kama ni ile maktaba ya vitabu ya Ngome ya Lamu.

Neno maktaba tumelipata kwa Waarabu: mahali pa vitabu, ndugu yake kitabu na katibu. Mafundi wamelipatia kazi mpya, nami naipenda: mafaili yenye maagizo tayari, kama yale ya Windows yenye mkia wa .dll, ambayo programu nyingi huyaazima badala ya kila moja kubeba yake. Hapo kijana hakukosea. Alikosea kwenye kongwe. Kongwe ni uzee wenye heshima; Lamu ni mji mkongwe, na ndivyo UNESCO ilivyouandikisha katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kuukuu nalo ni la kilichochakaa, kama kanzu kuukuu. Faili halichakai. Toleo lake limepitwa na wakati, basi, pakua jipya.

Na faili likiwa halipo, usiseme limepotea. Kilichopotea kilikuwapo. Mara nyingi aliyetayarisha kifurushi cha programu hakulitia kabisa. Sema limekosekana.